Hesabu za nyumba ya Karl Marx mjini London: alikuwa maskini kweli, au fedha zilikuwa zinavujia wapi?

#1 Karani wa Zamani
Wakuu, salaam. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma barua za Karl Marx na mkewe Jenny, si kwa ajili ya siasa zake bali kwa ajili ya matumizi ya nyumbani, kwa sababu ni familia chache za wasomi wa karne ya 19 zilizoacha malalamiko mengi kiasi hiki kuhusu muuza nyama, mwokaji mikate na mwenye nyumba. Huyu alikuwa mtoto wa wakili wa Trier, mji wa Ujerumani, mwenye shahada ya udaktari wa falsafa tangu 1841, na mkewe alikuwa binti wa baroni aliyekuwa afisa wa serikali ya Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo. Walifika London mwaka 1849 wakiwa wakimbizi, na kuanzia hapo hadi karibu 1869 hakuna mwaka ambao hawakudaiwa.

Kinachonitatiza ni tarakimu. Kibarua wa London wakati huo alikuwa akipata kama pauni 1 kwa wiki akibahatika kupata kazi mfululizo, yaani pauni 50 hivi kwa mwaka, na fundi stadi alipata shilingi 30 au 35 kwa wiki (pauni 1 ilikuwa shilingi 20, na shilingi 1 ilikuwa peni 12). Baadhi ya waandishi wa wasifu wa Marx wanakadiria kwamba hata mwanzoni mwa miaka ya 1850, ilipokuwa hali mbaya kuliko zote, fedha zilizopita mikononi mwake zilifika pauni 150 kwa mwaka. Inakuwaje basi mtu anayepata mara tatu ya kibarua ashindwe kutoka nje kwa sababu koti lake liko rehani, kama alivyomwandikia rafiki yake Friedrich Engels Februari 1852, na katika barua hiyohiyo aseme hali nyama kwa kuwa hakuna anayemkopesha tena?

#2 Nyundo
Jibu ni rahisi, mkuu: alikuwa hajui kutunza fedha, na hakuanzia London. Desemba 1837, Karl akiwa mwanafunzi Berlin, baba yake alimwandikia kwa uchungu kwamba ametumia karibu thaler 700 (fedha ya Prussia) kwa mwaka mmoja, wakati watoto wa matajiri hawafikishi 500. Thaler 700 ni karibu pauni 100 za Uingereza. Mwanafunzi wa miaka 19 anayetumia mara mbili ya mshahara wa kibarua mwenye familia hatabadilika kwa sababu amevuka bahari.

#3 Dada Mhasibu
Nyundo, umeitazama jumla ya mwaka, na jumla ya mwaka ndiyo inayodanganya watu wengi. Chanzo chake kikubwa cha kipato kwa miaka kumi kilikuwa gazeti la New York Daily Tribune, lililomlipa pauni 1 kwa makala na baadaye pauni 2. Fedha hizo hazikuja kila mwisho wa wiki. Aliandika makala, ikapanda meli, mhariri akaamua kuichapa au kuitupa, na isiyochapwa haikulipwa. Kisha ilimbidi aandike hawala ya kudai fedha New York, atafute mtu London wa kuinunua kabla haijaiva, na huyo naye akate chake. Rafiki yake mshairi Freiligrath, aliyekuwa akifanya kazi katika tawi la benki ya Uswisi mjini London, alimsaidia sana katika jambo hilo. Ulipokuja msukosuko wa uchumi wa 1857, gazeti likampunguzia hadi makala moja ya kulipwa kwa wiki, na mwaka 1862 likaachana naye kabisa.

Mimi hutunza vitabu vya washauri wa kujitegemea wanaolipwa baada ya siku 90, na wakati mwingine baada ya siku 200. Kwa mwaka mtu huyo anapata fedha nzuri, lakini mwezi wa tatu anakopa nauli. Mwenye nyumba hapokei wastani wa mwaka.

#4 Mpita Njia
Nachangia kidogo. Nimesoma mahali kwamba vyumba vyao viwili vya Dean Street, mtaa wa Soho, walivilipia pauni 22 kwa mwezi. Kwa pango hilo hata waziri angefilisika.

#5 Karani wa Zamani
Mpita Njia, asante, lakini hapo umeteleza: ni pauni 22 kwa mwaka, si kwa mwezi. Huenda umechanganya na nyumba ya kwanza ya Chelsea, iliyokuwa pauni 6 kwa mwezi, yaani 72 kwa mwaka, na ndiyo iliyowatoa roho. Pango la Dean Street halikuwa tatizo. Walikaa humo hadi 1856, watu wazima watatu na watoto, na jasusi wa Prussia aliyetumwa kuwachunguza aliripoti kwamba hakukuwa na samani hata moja iliyo nzima.

#6 Mpita Njia
Nimekubali, kwa mwaka. Ila kufukuzwa nyumba ya pauni 72 ukaingia ya 22 ni kuporomoka ghorofa nzima.

#7 Mtoto wa Mangi
Nimekulia nyuma ya kaunta ya duka, kwa hiyo naomba niseme upande wa yule anayedai, maana katika simulizi hizi yeye huwa mnyama tu anayebisha hodi.

Marehemu baba alikuwa na madaftari mawili ya madeni. La kwanza lilikuwa la watu wanaolipa kila wiki kidogo kidogo, vibarua wa shambani na mafundi, na hao hawakupewa zaidi ya unga, sukari na mafuta ya taa. La pili lilikuwa la "wakubwa": mwalimu, mganga wa zahanati, karani wa halmashauri. Hao waliandikiwa hata vitu vya anasa na walilipa kwa mkupuo, au hawakulipa. Sasa someni barua ya Marx kwa Engels ya Julai 1858. Anapanga madeni yake mstari kwa mstari, kisha anajiuliza itakuwaje akiwatoa binti zake shule, akihamia nyumba ya kibarua, akiwaachisha kazi wasaidizi na kula viazi. Anajibu mwenyewe kwamba ule mwonekano wa heshima ndio uliokuwa ukizuia kila kitu kisianguke. Mimi hilo naliamini kabisa. Siku ambayo mwalimu wetu alionekana akihama na mkokoteni usiku, baba alifunga daftari lake, na asubuhi yake maduka mengine matatu yakafunga.

Kwa hiyo pazia, piano na msaidizi wa kupokea wageni mlangoni vilikuwa dhamana. Mtu wa pauni 50 alikopeshwa kidogo na akadaiwa kidogo. Mtu mwenye sura ya pauni 300 alikopeshwa kwa kipimo cha sura hiyo.

#8 Bibi wa Mtoni
Wanangu, mnahesabu vizuri lakini mmeruka misiba. Mwezi wa Mei 1850 Jenny alimwandikia rafiki yao Weydemeyer jinsi msimamizi wa nyumba ya Chelsea alivyodai pauni 5, na madalali wa mahakama wakaja wakaandika kila kitu, vitanda, nguo, hata kitanda cha mtoto mchanga na midoli ya wasichana iliyowafanya walie. Habari zilipoenea, muuza dawa, mwokaji mikate, muuza nyama na muuza maziwa wakaja wote kwa pamoja na bili zao, ikabidi vitanda viuzwe ili walipwe. Yule mtoto mchanga, Guido, akafa Novemba ya mwaka huohuo. Franziska akafa Aprili 1852, na pauni 2 za jeneza lake zilitoka kwa jirani, mkimbizi wa Kifaransa. Edgar, mwana wao aliyependwa na nyumba nzima, akafa Aprili 1855 akiwa na miaka minane.

Septemba 1852 Marx anaandika kwamba mkewe mgonjwa, binti yao Jenny mdogo mgonjwa, na msaidizi wao Helene ana homa, naye hawezi kumwita daktari kwa sababu hana fedha ya dawa, na kwamba kwa siku nane hadi kumi amewalisha mkate na viazi. Nyumba yenye maradhi haina bajeti. Nimeuguza, najua ninachosema.

#9 Nyundo
Bibi, shikamoo, na pole kwa hayo. Sikatai misiba. Lakini tuendelee hadi 1856, fedha zilipokuja. Jenny alirithi kutoka kwa ndugu wa Scotland kama pauni 150, kisha mama yake akafa na kumwachia kama 120. Walifanya nini? Walikomboa vitu kwenye rehani, wakahamia nyumba nzima Grafton Terrace kwa pauni 36 kwa mwaka, na mwaka uliofuata wakawa na wasaidizi wawili wa ndani, Helene Demuth na dada yake wa mzazi mmoja.

Isabella Beeton, katika kitabu chake cha mwongozo wa nyumba cha 1861, ameweka kipimo: mwenye pauni 150 au 200 kwa mwaka anatosha kuwa na msaidizi mmoja wa kazi zote, mwenye 300 anaweza kuwa na huyo pamoja na yaya, mwenye 500 anakuwa na mpishi, msaidizi wa vyumba na yaya. Marx aliishi kwenye mstari wa pauni 300, kwa kipato ambacho Dada Mhasibu mwenyewe anasema hakikutabirika. Januari 1857 alikuwa ameshamwandikia Engels kwamba amekwama tena. Miezi michache tu baada ya urithi!

#10 Mwalimu Mstaafu
Nyundo, kipimo cha Beeton kinafaa, lakini kuwa na msaidizi mjini London wakati ule hakukuwa na maana tunayoipa leo. Maji yapandishwe ngazi kwa ndoo, makaa ya mawe yapandishwe, majivu yashushwe, nguo zifuliwe kwa mikono na kuchemshwa. Beeton huyohuyo anaweka ujira wa msaidizi wa kazi zote kati ya pauni 9 na 14 kwa mwaka, pamoja na chakula na malazi. Ni fedha ndogo ukilinganisha na pango. Tena Helene alitumwa na mama yake Jenny mwaka 1845, akabaki na familia hiyo hadi mwisho. Kama alilipwa kwa wakati katika miaka ya Dean Street, basi alikuwa mdai pekee aliyefanikiwa.

#11 Chombo cha Habari
Mwalimu, umenichekesha. Mimi naona mmesahau biri. Wilhelm Liebknecht, aliyeishi nao karibu, anasimulia kwamba Marx aligundua duka la mtaa wa Holborn lenye biri za bei nafuu zaidi, akapiga hesabu kwamba kila boksi linamwokolea shilingi 1 na peni 6, na kuanzia hapo akawa anavuta nyingi zaidi ili "aokoe" zaidi. Huyu ndiye aliyetuandikia nadharia ya thamani! Mkwewe Lafargue naye anasema mzee alikiri kwamba kitabu chake kikuu, *Das Kapital*, hakitalipa hata biri alizovuta akikiandika.

#12 Nyundo
Asante, Chombo. Sina la kuongeza.

#13 Dada Mhasibu
Unalo la kuongeza, Nyundo, hukutaka tu kulihesabu. Chukua rehani. Sheria ya Uingereza ya 1800 iliruhusu mwenye duka la rehani kutoza nusu peni kwa mwezi kwa kila shilingi 2 na peni 6 alizokopesha. Shilingi 2 na peni 6 ni peni 30, na nusu peni ni sehemu moja ya 60, kwa hiyo riba ni asilimia 20 kwa mwaka. Koti lililowekwa kwa shilingi 10 linadai peni 2 kila mwezi, na mwenye koti analikomboa wakati wa baridi, analirudisha joto likianza, na vyombo vya fedha vya ukoo wa Jenny vinafuata njia hiyohiyo. Fundi wa pauni 80 anayelipwa Jumamosi hana gharama hii kwa kiwango hicho, kwa sababu hana vyombo vya fedha. Sehemu ya zile pauni 150 za mkuu Karani zilikuwa ni gharama ya kuzisubiri pauni zenyewe.

Na katika miaka ya mwanzo msaada wa Engels haukuwa mkubwa kama watu wanavyodhani. Alirudi Manchester mwishoni mwa 1850 akaanza kama karani katika kiwanda cha pamba ambacho baba yake alikuwa mbia, na ubia wake mwenyewe aliupata 1864. Alituma pauni 5 hapa, pauni 2 pale. Wakati mwingine noti aliikata katikati, nusu ikatangulia kwa barua moja na nusu ikafuata kwa nyingine, kuogopa wezi wa posta.

#14 Mtoto wa Mangi
Noti nusu! Fikiria muuza maziwa yuko mlangoni na wewe unasubiri nusu ya pili.

#15 Kisiwani
Naomba nitoe kisa cha 1864, maana naona kinapingana na kila nadharia iliyotolewa humu. Mwaka ule Marx alipata urithi wa mama yake, aliyefariki mwishoni mwa 1863, na Mei rafiki yake Wilhelm Wolff akafa na kumwachia zaidi ya pauni 800. (Ndiyo sababu juzuu la kwanza la *Das Kapital* limetabarukiwa kwa Wolff.) Jumla yake ilizidi kipato cha miaka kumi na mitano ya kibarua. Familia ilihamia Modena Villas, Maitland Park, kwa pauni 65 kwa mwaka, na Oktoba wakawafanyia mabinti dansi nyumbani kwa kadi za mwaliko. Julai 31, 1865, anamwandikia Engels kwamba kwa miezi miwili ameishi kwa duka la rehani tu, na kwamba afadhali angekatwa kidole gumba kuliko kuiandika barua hiyo. Madeni ya zamani na samani vilikuwa vimemeza karibu pauni 500.

Hapa hakukuwa na meli ya New York iliyochelewa, Dada Mhasibu. Fedha zilikuja kwa mkupuo. Watu wa kwetu husema kukopa harusi, kulipa matanga.

#16 Dada Mhasibu
Kisiwani, sehemu ya hizo 500 ni madeni ya zamani, umesema mwenyewe. Kwa hiyo ucheleweshaji wa miaka iliyopita ndio uliolipwa 1864. Ila dansi siwezi kuitetea.

#17 Mama wa Mabinti
Mimi naitetea. Katika barua hiyohiyo ya Julai 1865 Marx anaeleza kwamba kama wangekuwa wawili tu na mkewe, au kama mabinti wangekuwa wavulana, maisha ya kibarua yasingekuwa na shida. Jenny mdogo, Laura na Eleanor wangeolewa na nani wakitokea chumba cha Soho? Nafasi ya kazi kwa binti msomi wakati huo ilikuwa ualimu wa nyumbani kwa watu, basi. Wakubwa wawili walisoma chuo cha wasichana cha South Hampstead kwa pauni 8 kwa robo ya mwaka, na juu yake Kifaransa, Kiitaliano, uchoraji na muziki vililipiwa mbali. Kwa mwaka ni pauni 32 kabla ya nyongeza, karibu sawa na pango la Grafton Terrace.

Nina mabinti watatu. Mwaka jana nililipa ada kwanza, kisha nikamwomba mwenye nyumba anivumilie miezi miwili. Mtu akitazama hesabu zangu bila kunijua atasema huyu mama hana mpango.

#18 Mwalimu Mstaafu
Mama wa Mabinti, nakubaliana nawe kuhusu ada, ila kumbuka Laura aliolewa 1868 na Lafargue, mwanafunzi wa utabibu ambaye naye hakuwa na kipato cha maana. Kama dansi ilikuwa uwekezaji, mavuno yalikuwa hafifu.

#19 Chombo cha Habari
Kabla hatujafika mbali: mjomba wake Marx wa Uholanzi, Lion Philips, aliyemtangulizia pauni 160 za urithi mwaka 1861, ni babu wa Gerard Philips, aliyeanzisha kampuni ya Philips pamoja na baba yake. Redio ya babu yangu iliyokuwa ikitangaza Azimio la Arusha ilikuwa Philips. Naacha hapo.

#20 Bibi wa Mtoni
Mjukuu, ulipaswa kuanzia hapo.

#21 Karani wa Zamani
Nashukuru nyote. Naongeza kisa ambacho kwangu ndicho kigumu kuliko vyote. Novemba 1868 Engels, akijiandaa kuuza hisa zake za kiwanda, alimuuliza Marx mambo mawili: anahitaji kiasi gani kufuta madeni yote, na je, pauni 350 kwa mwaka zitatosha matumizi ya kawaida, ukiacha maradhi na dharura? Marx alijibu kwa mshtuko wa furaha kwamba madeni ni pauni 210, zikiwemo za rehani pamoja na riba. Engels akalipa. Julai 1869 ikagundulika kwamba Jenny alikuwa ameficha madeni mengine, pauni 75, akijaribu kuyalipa polepole kutoka fedha ya chakula. Alipoulizwa, akasema aliogopa kuitaja jumla kubwa. Marx akamwandikia Engels kwamba wanawake daima wanahitaji msimamizi.

Sasa nauliza: daftari la nyumba hii lilikuwa mikononi mwa nani miaka yote ishirini?

#22 Mama wa Mabinti
Lilikuwa kwa Jenny, na ndiyo maana aliogopa. Yeye ndiye aliyefungua mlango muuza nyama alipogonga. Msimamizi alihitajika kwa nani hasa?

#23 Nyundo
Pauni 75 ni mshahara wa fundi wa mwaka mzima, Mama. Kuficha kiasi hicho si aibu ndogo ya sukari na chai. Nashikilia kwamba nyumba nzima, mume na mke, haikuwa na mtu wa kusema "hapana".

#24 Mtoto wa Mangi
Wateja wa daftari la pili la baba walikuwa hivihivi: wake walikuja jioni kuomba deni fulani lisitajwe mbele ya mume. Baba alikuwa na alama ndogo ya penseli kwa ajili hiyo. Waume wengine walikuja kuomba hivyohivyo kuhusu wake. Alama ilikuwa ileile.

#25 Kisiwani
Mnamsahau Marx wa 1862 aliyeomba ukarani katika ofisi ya reli akakataliwa kwa sababu ya mwandiko mbaya. Alimweleza mwenyewe rafiki yake Kugelmann kwa barua Desemba mwaka huo. Angepewa, tungekuwa na mshahara wa kila mwezi na nadharia ya Dada Mhasibu ingepimwa.

#26 Dada Mhasibu
Imepimwa. Baada ya 1869, pauni 350 zilipoanza kuingia kwa robo mwaka, vilio vya rehani kwenye barua vinapungua sana. Mtu ni yuleyule, mke ni yuleyule, biri ni zilezile.

#27 Nyundo
Au ni kwa sababu 350 ni nyingi kuliko alizokuwa nazo kabla. Kuna mambo mawili yaliyobadilika kwa wakati mmoja, nawe umechagua moja.

#28 Karani wa Zamani
Alipofariki Machi 1883, mali yake ilithaminiwa kuwa pauni 250.

#29 Mtoto wa Mangi
Mkuu, hizo 250 ni kabla ya kumlipa muuza nyama au baada?